Karatasi ya Miezi Sita

Mume wangu Roscoe hatulii. Nimeishi naye miaka thelathini na moja na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha kahawa mezani. Atainuka, atachungulia dirishani, atatembea mpaka kwenye sanduku la barua kule barabarani, atarudi mikono mitupu, kisha ataniuliza mimi kama mtu wa posta ameshapita. Hata Jumapili huenda, na anajua fika kwamba Jumapili posta haipiti.

Jumapili mbaya kuliko zote ni ile ya Novemba, kabla ya Siku ya Maveterani. Mchungaji wetu huwaomba wote waliotumikia jeshi wasimame. Kwaya huimba, akina mama hufuta machozi, na wazee wenye magoti mabovu husimama wima utadhani bado wana miaka ishirini. Roscoe hasimami. Dakika tano kabla huwa ameshatoka kwenda kuangalia kama amefunga gari. Kanisa letu ni dogo, na nusu ya wale akina mama walimsindikiza kwenye basi siku aliyokwenda jeshini. Wanajua alikwenda. Hawaulizi alirudije, na huko kutouliza kwao ndiko kunakonikera.

Alirudi hivi. Mwaka 1983, Roscoe akiwa na miaka ishirini, kaka yake aliangukiwa na magogo kwenye kiwanda cha mbao. Simu ilipofika kambini, Roscoe alikimbia kwa sajenti wake, mtu aitwaye Hosea Pruitt. Pruitt akamwambia, "Nenda. Ruhusa nitaiandika mimi." Roscoe akaja nyumbani Alabama, akamuuguza kaka yake, akamzika. Siku thelathini na moja. Aliporudi kambini alikuta ruhusa haikuandikwa na jina lake limo kwenye orodha ya watoro. Kapteni alimwuliza Pruitt, naye Pruitt akasema hana habari.

Kisha huyohuyo Pruitt akamletea karatasi. "Saini utoke, usije ukafikishwa mahakamani. Wataandika umetoka bila heshima, lakini usijali. Baada ya miezi sita inajibadilisha yenyewe."

Wimbo huo ulikuwa ukiimbwa kila kambi. Hakuna karatasi ya serikali iliyowahi kujibadilisha yenyewe tangu dunia iumbwe, lakini vijana waliambiana hivyo na wakasaini. Roscoe akaja nyumbani, akahesabu miezi sita kwenye kalenda ya mama yake, na siku ya mwisho akavaa shati lililopigwa pasi akaenda kusimama kando ya sanduku la barua. Bado yuko pale, ukiniuliza mimi.

Mwaka jana, mwezi Machi, nilimburuta mpaka kwa Bi Odom, mama anayewasaidia askari wa zamani pale ofisi ya kaunti. Bi Odom alisoma faili lote, akavua miwani.

"Bodi ya jeshi inaweza kurekebisha hii," alisema. "Lakini kwenye faili kuna maneno ya sajenti, na huku kuna maneno yako matupu. Nahitaji yeye mwenyewe aandike kwamba alikuruhusu. Sijui kama yu hai."

"Yu hai," Roscoe akasema. "Anakaa Georgia, ng'ambo ya mto. Saa mbili kwa gari. Nyumba ya kijani, inatazamana na kanisa."

Nikamgeukia. "Umejuaje rangi ya nyumba?"

"Nimeshapita," akasema. "Mara tatu. Au nne."

Miaka yote hiyo, na mimi nilidhani alikuwa akienda kuvua samaki.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Aprili. Njiani Roscoe alisimamisha gari mara tatu kukagua matairi, na matairi hayakuwa na neno. Nikamwambia, "Ukisimama tena naendesha mimi." Akasimama tena. Nikaendesha mimi.

Mzee Pruitt alikuwa barazani chini ya bendera, miaka sabini na saba, suruali ina mikunjo ya pasi. Alimtambua Roscoe palepale, akamwita kwa jina la ukoo.

"Tindall."

"Sajenti."

Wote wawili wakakakamaa. Nilitamani kuwazaba makofi.

Mkewe, Bi Arletha, alitukaribisha ndani kwa kuku wa kukaanga na pai ya viazi vitamu. Ukutani zilijaa picha za mzee akiongoza gwaride la mji wao kila Novemba, yeye mbele, bendi nyuma. Roscoe alizunguka sebuleni akizigusa fremu moja moja. Kukaa hakai, kusema hasemi. Uvumilivu ukaniisha.

"Mzee Pruitt, hatukuja kula kuku," nikasema. "Roscoe, sema au nitasema mimi."

Akasema akiwa ametupa kisogo. "Uliniambia niende, Sajenti."

Mzee aliweka uma chini. "Nilikuambia."

"Kapteni alipokuuliza, ukasema hujui."

"Nilikuwa nangoja cheo, Tindall. Kilikuwa kinatoka wiki ileile. Karatasi ya ruhusa niliisahau mezani, basi. Nikisema nimesahau, cheo kimekwenda."

Bi Arletha alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya pai. Hakusogea.

"Na ile miezi sita?" Roscoe akauliza.

"Ile niliiamini. Haki ya Mungu. Na mimi niliambiwa na sajenti wangu. Niliwaambia wengi."

"Wangapi, Hosea?" akauliza mkewe.

Mzee akasogeza sahani yake kando. Roscoe alitoa fomu ya Bi Odom mfukoni, akaikunjua mezani. Mzee akachukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena.

"Ukiniuliza kama ni kweli, ni kweli," alisema. "Lakini hii ikitoka humu ndani, kila mtu mjini atajua."

"Ya mume wangu yamejulikana kwa kila mtu miaka thelathini na nne," nikasema.

Aliomba muda afikirie. Roscoe akaiacha fomu chini ya sahani ya pai, tukaondoka. Wiki sita zilizofuata nilitamani kumfunga kamba kwenye kiti. Alikwenda kwenye sanduku asubuhi, mchana, na kabla ya chakula cha jioni. Nyasi zikafa pale anapokanyaga.

Barua ya mzee ilikuja. Kurasa tatu, zimegongwa muhuri wa mwanasheria. Mzee hakuandika tu kwamba alimruhusu. Aliandika cheo, aliandika karatasi iliyosahaulika mezani, aliandika kwamba alidanganya na kwa nini.

Bodi ikakaa nayo zaidi ya mwaka. Oktoba hii ndipo jibu lilipofika. Roscoe alinikabidhi bahasha akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, nikamsomea kwa sauti: ameachishwa jeshi kwa heshima. Akafunika uso kwa kofia yake. Alilia, nami nikalia. Kisha akainuka, akaenda kuangalia kama sandukuni kuna barua nyingine.

Kesho yake niliwapigia simu akina mama wote wa kanisani. Jumapili ya Novemba keki zitaokwa, kwaya itavaa majoho mapya, na Roscoe Tindall atasimama mbele ya kila jicho lililomtazama akitoka kwenda kukagua gari. Niliitamani siku hiyo kwa hamu ambayo naona haya kuieleza.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo akapiga simu Bi Arletha. Hosea amelisimulia kanisa lao habari yote, alisema. Amewaambia watafute mtu mwingine wa kuongoza gwaride. Na Jumapili maveterani wakiitwa, yeye hatasimama.

"Vizuri," nikasema, nikakata simu. Roscoe aliniuliza alitaka nini, nikamwambia.

Jumapili Roscoe alinihimiza tuondoke mapema; tukavaa, tukaingia kwenye gari, na Roscoe akalipita kanisa letu.

"Kanisa limebaki nyuma," nikasema.

"Nimeliona."

Niligomba mpaka mtoni. Nilimwambia habari za keki. Nilimwambia nimengoja siku hii miaka thelathini na moja, na kwamba yule mzee astahili kukaa mpaka kiti kiote mizizi. Roscoe aliendesha tu, na hakusimama kukagua tairi hata moja.

Mzee Pruitt alikuwa kanisani kwao, benchi la pili, koti jeusi, bila nishani. Roscoe akaketi kando yake, mimi kando ya Roscoe. Mchungaji wao akaita maveterani. Mume wangu akasimama. Mzee akaendelea kutazama viatu vyake.

"Sajenti," Roscoe akasema. "Simama."

"Niache, Tindall. Umeshapata yako."

"Uliniambia miezi sita, nikakaa miaka thelathini na mitano. Sasa nimesimama, na sisimami peke yangu."

Akamshika kiwiko. Mzee alichukua muda mrefu, lakini aliinuka. Bi Arletha alilia kwa sauti. Mimi nilikaa nimekunja mikono, maana sijamsamehe na sikuja huko kwa ajili yake.

Mahubiri yalikuwa marefu. Nilihangaika kitini, nikaangalia saa, nikafikiria keki zangu zinavyoliwa na watu wengine. Roscoe aliegemeza kichwa begani kwangu na kulala fofofo. Alipoanza kukoroma, shemasi mmoja alinipungia mkono nimwamshe. Nilimkazia macho mpaka akageuka.