Mahali Mzee Alipokohoa

"Nisikilize mpaka mwisho, halafu uniambie nilipokosea," alisema Joackim, akaushika vizuri mkuki wa marehemu baba yake.

Walikuwa wamejificha nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kule Muleba. Mutalemwa alitoka Bukoba alfajiri. Joackim, baba yake mdogo, alipompigia simu na kusema, "Ule wimbo wako nimeusikia, njoo mapema kabla wazee hawajafika," alijua kimenuka. Alidhani anaitwa kusutwa. Kumbe anaitwa kusikiliza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku hiyo ndiyo waliyokuwa wanamaliza msiba wa mzee, babu yake Mutalemwa, na kumsimika Joackim kuwa omusika, mrithi wa nyumba. Katika ukoo wao mrithi husimama na mkuki mbele ya wazee akayatamka majigambo ya marehemu, neno kwa neno. Akipotea, wazee hawamzomei. Wanainamia vibuyu vyao vya pombe kimya, na mtu huyo haitwi tena kikaoni mpaka anazikwa. Sasa Joackim, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, maisha yake yote aliyaona majigambo mambo ya kishenzi, hakujifunza hata mstari. Aliyejifunza ni Mutalemwa.

Wenzake husema muziki wa kuchana mistari, yaani rap, waliujua redioni. Yeye aliujua kibanjani, shamba la nyumbani, akizoa majani makavu nyuma ya babu yake, mzee akipogoa migomba na kujisifu kwa Kihaya, panga likimpigia mdundo. Ndiyo maana akajiita Mjukuu. Hana lebo wala meneja. Anarekodi chumbani kwake Kahororo, magodoro mawili yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za watoto wa shule. Mwezi uliopita redio moja ya mjini ilimhoji, naye akajitapa bila haya: "Mistari yangu haina uongo. Sichani nisichokijua."

Uongo ulikuwemo, tena katika wimbo huohuo uliompeleka redioni. Alikuwa ameirekodi sauti ya babu kwa simu, mzee akiwa amekaa barazani, na katikati mzee akashikwa na kikohozi kirefu kikameza mstari mzima. Mutalemwa akajiambia atamwuliza Krismasi. Mzee hakuifikia Krismasi. Basi akatunga mstari wa kwake, akauzeesha kwenye kompyuta mpaka ukasikika kama koo la mzee, akaupachika pale pa kikohozi. Nani angejua?

Joackim alifumba macho akaanza, kama alivyoyakariri kutoka kwenye wimbo ule:

"Ni mimi Nisiyegeuka,
niliyevuka mto Ngono maji yakiwa kifuani,
nilipoitwa nilitetemeka, nikaitika..."

Hapo alifumbua macho, akatabasamu. "Hapa ndipo ninapopapenda. Sikujua baba alikuwa na maneno kama haya. Natetemeka tangu juzi, Mutalemwa, chakula hakipiti. Lakini nikifika hapa napata nguvu."

Huo ndio mstari alioupachika Mutalemwa. Mwanamume gani hujisifu kwa kutetemeka? Majigambo yote aliyowahi kuyasikia, watu wanaua chui kwa ngumi. Mzee Kagaruki, mkuu wa ukoo, angeshtuka mara moja. Na bibi yake Kokushubila, aliyeyasikia maneno yale zaidi ya miaka hamsini, je?

"Baba mdogo, huo mstari..."

"Nimeukosea?" Uso wa Joackim ulisawijika.

"Joackim, waitu, mwana wetu," sauti ya Kagaruki iliita kutoka uani. "Tunakungoja."

"Sema upesi. Nimekosea?"

Hapo ndipo pa kusema. Mutalemwa alimtazama mtu mzima yule aliyeushika mkuki kama mtoto aliyeshikishwa nyoka. "Hapana," alisema. "Uko sawa." Mchanaji anayejaza ukumbi mzima mjini, leo mdomo umemshinda. Mwoga mkubwa.

Uani wazee walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka karibu na mlango. Joackim alisimama. Alianza kwa sauti ndogo, ikapanda. Aliuvuka ule mto Ngono. Mutalemwa alijibana nyuma ya nguzo ya baraza, akaomba mvua, akaomba hata ng'ombe akate kamba. Mstari ukaja, ukapita, ukasikika wote.

Kagaruki aliinua uso kutoka kwenye kibuyu chake cha rubisi. "Rudia hapo."

Pombe ikasahauliwa. Joackim alimtafuta Mutalemwa kwa macho, akamkosa, akarudia. "Nilipoitwa nilitetemeka, nikaitika." Ncha ya mkuki ilikuwa ikicheza.

Kagaruki aliweka kibuyu chini. Alimgeukia mjane wa marehemu, naye Mutalemwa akamtazama bibi yake huyo. Kokushubila alikuwa ameinamisha kichwa, kanga imemfunika nusu ya uso.

"Endelea, mwanangu," alisema hatimaye.

Joackim akaendelea mpaka mwisho. Wazee wakampokea, vigelegele vikapigwa, na mtu yule mzima akalia mbele za watu bila kujifuta.

Mutalemwa alikuwa anatafuta njia ya kutorokea kupitia jikoni, ndipo bibi yake alipomwita. Alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile wanayopewa wageni. "Kaa hapa," alisema, naye akakaa kwenye ukingo wa mkeka.

"Mwaka wa sabini na nane, wakati wa vita vya Kagera, babu yako aliitwa jeshini," bibi alisema polepole, akiangalia migomba. "Usiku kabla ya kuondoka alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Nilimshika mpaka kukapambazuka. Aliniapisha nisimwambie mtu, na sikumwambia mtu. Hata watoto wake." Alimgeukia. "Wewe alikuambia lini?"

Uani Joackim alikuwa anaombwa ule mstari tena, na safari hii wazee waliusema pamoja naye.

Bibi alimsogezea kikapu, akingoja. Mutalemwa alikinga viganja vyote viwili, bibi akammiminia, na punje za kahawa zikaanza kugongana humo.