Togwa ya Mgowe wa Kasian

Mwezi wa saba tangu mjukuu wangu Kasian aache ulanzi, ile pombe ya mianzi, tuliita mgowe, majirani waje kutupalilia nyanya hapa Ilula. Watu wa mgowe hawalipwi. Hunyweshwa, na mwenyeji huonja kwanza mbele yao, ndipo nao wanakunywa.

Kasian alikuwa ameapa kanisani mara mbili kuacha pombe, na mara mbili akairudia. Nikamwomba aape mara ya tatu.

"Bibi, na Mungu sina ugomvi," akasema. "Ila kiapo kwangu hakishiki. Nikianguka naona aibu, na aibu inanirudisha kilabuni."

Alipokuwa fundi pikipiki kule Soweto, Mbeya, nesi mmoja aitwaye Matilda alimwambia aandike kwenye daftari kila saa kiu inapomjia. Ikaonekana ni saa kumi jioni, wakati ulanzi unapoteremshwa kilabuni. Basi akarudi kwangu, na kila saa kumi humwagilia nyanya, ndoo ishirini. Akimaliza, kiu imepita. Mimi huzihesabu ndoo nikiwa mlangoni, nijue hajaenda kilabuni.

Kwa mgowe huo nikapika togwa, maana togwa hailevyi, hata watoto wanakunywa. Kosa ni langu. Nilihofia magoti yataniangusha siku yenyewe, nikaipika siku tatu kabla, nikazidisha kimea, nikaifunika karibu na jiko.

Watu walipomaliza kupalilia wakakaa. Kasian akachota kikombe, akakifikisha mdomoni, akasita.

"Bibi, hii imechacha."

Watu kumi na wawili walikuwa wanamtazama.

"Onja, mwanangu," akasema mzee Jailos, jirani yetu. "Au umetutilia dawa ya nyanya?"

Wakacheka. Kasian naye akacheka, akaweka kikombe chini. "Dawa ya nyanya ni ghali, mzee wangu, siwezi kuimalizia kwako. Hii imeshakuwa pombe, na mimi sinywi."

"Tone moja tu! Mwenyeji asipoonja, sisi tutakunywaje?"

"Hata tone."

Nikanyoosha mkono nichukue chungu nikaimwage. Kasian akanizuia taratibu.

"Acha, Bibi, umehangaika nayo. Wanaokunywa wanywe. Hata wewe ni mwenyeji, onja wewe."

Nikaonja. Ilikuwa kali mpaka machozi yakanitoka, wakanicheka sana, kisha wakanywa. Kasian akabandika chai ya tangawizi. Faustina, binti wa Jailos, akaomba kikombe cha chai, halafu wengine watatu.

Saa kumi ilipofika, Kasian akainuka kufuata ndoo. Chungu kilikuwa kando ya njia ya kisimani. Mzee Jailos alikibeba akakipeleka nyuma ya nyumba, akakaa nacho huko.

Siku hiyo sikuhesabu ndoo. Niliosha vikombe.