Chumba cha Kukanda Watoto

Nesi alimlaza kwenye mizani mtoto ambaye wodi nzima ilimwita Kifaranga, akangoja tarakimu zitulie, akaandika. Mama wa mtoto hakuhitaji kuambiwa. Siku ya tatu hii mtoto anapungua. Gramu arobaini zimekwenda, na kwa kiumbe wa kilo moja na nusu hizo si za kuchezea.

"Maziwa anapata," alisema mama. "Anachokosa ni kukandwa. Na wewe unajua."

Nesi alijua. Wiki mbili nzima, mara tatu kwa siku, mama huyu alimkanda mwanawe hapo hapo kitandani, kama alivyofundishwa na nesi mzee kabla hajastaafu: mafuta ya vuguvugu, kiganja kitulie bila kubonyeza, kichwani, mabegani, mgongoni, kisha miguu ikunjwe na kunyooshwa taratibu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ngozi ikimpwaya, akaanza kuijaza.

Ndipo wakubwa wakaleta maendeleo. Chumba cha kukanda watoto kilifunguliwa kwa utepe na picha, na siku hiyo hiyo tangazo likabandikwa: marufuku kumkanda mtoto nje ya chumba hicho. Mkuu wa wodi akafunga mlango, akatia ufunguo mkobani, akaenda semina ya wiki nzima. Semina yenyewe ni ya kukanda watoto.

"Ufunguo wa akiba hakuna?" aliuliza mama.

"Upo. Umefungiwa humo ndani."

Mama wa kitanda cha saba aliguna.

"Vumilia, dada," alisema nesi. "Jumatatu atarudi."

"Mimi nitavumilia. Huyu atavumilia kwa mwili gani?"

Mama wa Kifaranga akaenda kwenye bomba. Alinawa mikono hadi viwikoni, akatoa chupa ya mafuta chini ya mto, akasugua viganja mpaka vikapata joto. Akamlaza Kifaranga juu ya kanga, karibu na hita, akaanza kichwani.

"Nitalazimika kukuandika," nesi alisema kwa sauti ya chini.

"Andika, mdogo wangu. Kitanda cha sita. Na chini yake andika gramu arobaini, kisha umwandike aliyeondoka na ufunguo."

Nesi alifungua daftari la makosa. Lilikuwa na safu ya jina, safu ya kitanda na safu ya kosa la mgonjwa. Pa kumwandika mkuu hapakuwapo. Akaandika kitanda cha sita.

Nyuma yake maji ya bomba yalifunguliwa.

"Usifunge daftari bado," alisema mama wa kitanda cha saba, akijipaka sabuni viwikoni. "Na mimi niandike."