Kiungo cha Utepe Mweusi

Callixte alitumbukiza kihisi katika kikombe cha maji na vipande vya barafu, akasubiri. Kijiti hicho, kisichozidi kidole, ndicho kinachoiarifu mashine ya barafu kwamba pipa limejaa, nayo ipumzike. Mita ilionyesha kipimo kilekile cha kwenye jedwali lake. Kihisi kilikuwa kizima. Hata hivyo mashine ilikuwa imesimama tangu alfajiri, na pipa lilikuwa nusu tupu.

"Bon, fundi," alisema Kaltumu, mwenye ghala, samaki wake wadogo wa sambaza wakingoja katika mabeseni. "Sasa kihisi kipya nani alikigonga? Jini?"

Wanawake wa samaki waliangua kicheko. Callixte hakucheka. Wiki tatu nyuma, mashine iliposimama vivi hivi, alikuta kihisi cha zamani kina bonyeo. Alikiinua mbele ya wanawake hawahawa, akasema ni koleo la kuchotea barafu lililokigonga, huku akimtazama Murekatete, aliyechota barafu hapo kwa miaka minne. Murekatete aliapa kwamba bonyeo lilikuwapo siku nyingi. Kaltumu alimwachisha kazi papo hapo. Callixte akafunga kihisi kipya, mashine ikaamka, na watu wakaona ukweli umejidhihirisha.

Sasa aliifuata waya kwa vidole, kutoka pipani kuelekea kwenye kibao cha umeme. Katikati, vidole vilikwama kwenye uvimbe wa utepe mweusi, naye akaukumbuka kabla ya kuuona. Januari, walipoisogeza mashine dirishani, waya haikufika. Kwa kuwa alikuwa na haraka, aliunga kipande kwa kusokota na kuzungushia utepe, palepale penye unyevu. Aliubandua. Shaba ilikuwa imegeuka kijani. Alipima ng'ambo ya kiungo: mita ilidai pipa limejaa. Wiki tatu nyuma, alipofunga kihisi kipya, aliivuta waya hii, na kiungo kikashika kwa muda.

Kilibaki kitu kimoja. Kihisi chenye bonyeo kilikuwa bado katika kisanduku chake cha zana, na hakuwahi kukipima, bonyeo lilimtosha. Alikitia kikombeni.

Kizima.

Angeweza kubadilisha waya kimyakimya na kwenda zake. Aliliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye.

"Mama Kaltumu," alisema, "mi ndiye nilikosa. Si Murekatete. Ni waya niliunga vibaya."

Kaltumu aliweka beseni chini. "Nilimufukuza mutu wa miaka ine kwa mudomo yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ulimusema mbele ya watu, utamusafisha mbele yao. Anapita hapa saa hii, anabebea watu muzigo mpaka barrière, kule mupakani."

Murekatete alipoitwa, aliingia na kikapu cha karoti kichwani, wala hakukitua. Callixte alieleza yote, bila kujipunguzia.

"Nilikuambia bonyeo ilikuwa ya zamani," alisema Murekatete.

"Uliniambia."

"Na haukupima."

"Sikupima. Nisamehe."

"Pima sasa. Nione."

Alikitia tena kihisi chenye bonyeo kikombeni. Murekatete alipiga magoti taratibu, kikapu kikiwa kimetulia, akasoma namba moja moja hadi akaridhika. Kaltumu alimnyooshea koleo.

"Kesho, mama," alisema Murekatete akiinuka. "Leo niko na karoti ya wenyewe."

Hakumtazama fundi alipotoka. Callixte aling'oa waya yote, akaanza kutandaza nyingine, nzima, isiyo na kiungo.