Nyonga ya Pili

Daktari wa mifupa alipovuta sindano kutoka kwenye nyonga yangu, bomba lilijaa usaha wa rangi ya chai ya maziwa. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Mama, aliyekaa kwenye stuli karibu na kichwa changu, akanyamaza, na hilo ndilo lililonitisha. Mama yangu hanyamazi mbele ya daktari.

"Maumivu haya yana muda gani?" daktari aliuliza.

"Wiki saba," Mama akajibu.

"Namuuliza mgonjwa."

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi cherehani, na ile nyonga ya chuma ilikuwa na miezi kumi tu mwilini mwangu. Niliyozaliwa nayo ilikufa kwa kukosa damu. Ndivyo selimundu inavyotufanyia: inaziba njia za damu mpaka mfupa unakufa ukiwa ndani yako. Miaka mitatu nilizungushwa, eti mimi bado kijana, nyonga bandia ni za wazee. Walipokubali hatimaye, nilirudi kwenye cherehani nikawa nakanyaga pedali kwa mguu wa kulia bila kukunja uso. Mwezi mmoja nilishona sare za shule nzima. Nilianza hata kuringa.

Halafu maumivu yakaja, wala hayakuwa yale ninayoyajua. Shambulio la selimundu hunikamata mgongo, mikono, kifua, likanigaragaza siku nne tano, kisha likaenda zake. Haya yalikaa mahali pamoja, kwenye kinena, na yaliamka kila nilipokanyaga pedali. Nikamwambia Mama.

"Ni ile ile tu, mwanangu," alisema huku akikamua kitambaa cha maji ya moto. "Nani anaijua kunishinda mimi? Nimeanza kuhangaika nayo hujaota hata jino."

Ungembishiaje? Mama alikuwa akiona umanjano machoni mwangu kabla maabara haijaamka. Aliwahi kumsimamisha muuguzi aliyetaka kunitundikia dripu ya mtu mwingine. Basi nikamwamini. Hapana, nisijisafishe: sikumwamini, nilinyamaza tu. Ukiwa na selimundu halafu ukasema leo inauma tofauti, utaambiwa unadeka, nami nilikuwa nimechoka kuambiwa nadeka.

Wiki ya nne nilikwenda hospitali peke yangu. Tabibu alisoma neno moja kwenye kadi yangu, akaanza kuandika dawa kabla sijakaa vizuri. Nikamwomba anipige picha ya nyonga.

"Dada, nyie si mnaumwa kila mahali?" alisema. "Kunywa maji mengi, upumzike."

Nyie. Neno hilo linanichoma roho hadi leo. Aliponiuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Nikarudi nyumbani, kwenye vitambaa vya moto vya Mama, tukauchua usaha wiki tatu nyingine.

Sasa daktari wa mifupa alikuwa akieleza. Atafungua, atoe chuma, nikae miezi mitatu bila kiungo huku nikichomwa dawa, kisha aweke kingine. "Kwa wenye selimundu, ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza," alisema. "Mguu unaweza kubaki mfupi. Inawezekana pia isishike."

Akanisukumia fomu ya ridhaa ya upasuaji. Mama alishatoa kalamu kwenye mkoba, maana fomu zangu zote tangu utoto alitia sahihi yeye. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaiweka kalamu kiganjani mwangu.

"Ongea naye mwenyewe," alimwambia daktari. "Mimi nimekosea."

Akatoka, akafunga mlango.

Miaka mingi nilitamani atoke, nimalize sentensi yangu. Siku anatoka, nikapandwa na hasira: kwa tabibu, kwa chuma, na zaidi kwake, kwa kuniachia nafasi wakati sina hamu ya kusema chochote.

"Nitakanyaga tena cherehani?" niliuliza.

"Sijui," daktari akasema. Alikuwa wa kwanza kuniambia hivyo.

Mguu wa kulia umebaki mfupi kwa upana wa vidole viwili. Siku hizi nashona kwa cherehani ya umeme na pedali naikanyaga kwa kushoto. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Niliandika jina langu, nikapaza sauti kumwita Mama. Mlango ulifunguka kabla sijamaliza kumwita.