Barua ya Kukaa na Wagonjwa

Hospitali ilibandika tangazo getini: wanatafutwa watu wa kujitolea kukaa na wagonjwa wasio na ndugu, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Anayetaka alete wasifu wake, barua ya kueleza nia yake, na namba ya simu ya mtu aliyewahi kumwona akiuguza. Bibi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Taratibu kwa kuwa hakuwa na haraka na jambo lolote, alilisoma tangazo lile neno moja moja mpaka mlinzi akamletea kiti.

Kesho yake asubuhi akamfuata mjukuu wake, anayechapa barua za watu kwenye duka la kutoa kopi.

"Karibu, mke mwenza," mjukuu akamtania, akimfutia stuli vumbi. "Umekuja kuchapisha talaka?"

"Babu yako nakuachia bure. Mimi natafuta kazi."

"Mshahara je?"

"Hakuna."

"Basi utaipata leo leo."

Wakacheka. Mjukuu akaanza kuchapa, vidole mbio mbio, huku akisoma kwa sauti. Elimu, darasa la tatu. Kazi, kushona na kulea. Alipofika kwenye uzoefu hakuuliza hata. "Alimuuguza mama mkwe wake miaka mitatu, kwa upendo na uangalifu mkubwa."

Bi Taratibu akamshika mkono asiendelee kuchapa. "Nani kakwambia hayo?"

"Si babu? Anakusifia mpaka leo."

Kweli alimsifia. Lakini aliyemwogesha na kumlisha yule mgonjwa alikuwa wifi, binti wa mgonjwa mwenyewe. Bi Taratibu alifua mashuka, basi. Na mchana mmoja wifi aliaga anafuata dawa, akapanga mto mnene ukingoni mwa kitanda ili mama yake asibiringike, akasema, "Wifi, nakuomba usiondoke."

Aliondoka. Nyumba ya pili msusi alikuwa amepata nafasi, na kigoda cha msusi kigumu, basi akauchomoa ule mto akaenda kuukalia. Aliposikia kishindo alirudi mbio, kilemba kikificha kichwa kilichosukwa nusu. Mama mkwe alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika. Mumewe alipouliza, mdomo wake ukasema, "Dada yako alisahau kuweka mto." Mumewe akampokonya dada yake ufunguo wa chumba cha mama. Mama hakuinuka tena. Siku ya mazishi wifi alikaa nyuma ya watu wote, kama mpita njia.

"Sasa namba ya mtu aliyekuona ukiuguza," mjukuu akasema. "Tumweke wifi yako. Ngoja nimpigie." Kabla hajazuiwa, simu ilikuwa juu ya kaunta, sauti imefunguliwa, na mambo yote ameshayaeleza.

"Aa, wifi yangu?" sauti ikajibu. "Andikeni. Aliuguza vizuri. Wakinipigia nitasema hivyo hivyo."

Bibi akaiinamia simu. Angetukanwa, angejitetea.

"Wifi, usiseme hivyo," akasema. "Mto niliuchukua mimi. Niliukalia kwa msusi."

Mashine ya kopi ikatema karatasi tatu, nne, tano.

"Najua," wifi akasema mwishowe. "Jioni ile msusi aliniita nikauchukue. Ulikuwa umeloa mafuta ya nywele."

"Ukanyamaza miaka yote hii?"

"Nani angeniamini? Wewe ndiye uliyekuwa ukisifiwa. Nikasubiri useme mwenyewe. Umechelewa, Bi Taratibu."

"Nimechelewa. Nisamehe, wifi."

"Sijui. Namba yangu iacheni. Wakinipigia nitawaeleza yote, na la mto."

"Waeleze."

Simu ikakatwa. Mjukuu hakuwa na utani tena. "Nifute ile miaka mitatu?"

"Futa. Andika nilifua mashuka. Na kwenye barua useme hivi: niliachiwa mgonjwa nikaondoka, akaanguka, nikamsingizia mwenzangu. Naomba nikae na wagonjwa wenu."

"Bibi, hawatakuchukua."

"Huenda. Wewe andika."

Safari hii mjukuu alichapa polepole. Karatasi ilipotoka, ingali na joto, bibi aliisoma yote mwenyewe, kidole chini ya kila neno, ndipo akatia sahihi. Kisha akaomba nakala ya pili.

"Ya nani?"

"Ya babu yako," alisema. "Yeye ndiye aliyempokonya dada yake ufunguo."