Sauti Kutoka Bonde la Chini

...na huyo maksai wa Hussaini bado hajaonekana, masikini, Bibi Fiza akawaza, akaipasua aprikoti kwa kidole gumba, kokwa akalitupia kapuni, nusu mbili akazilaza mkekani zitazame jua, maksai mweusi mwenye baka jeupe usoni, mtangazaji alikuwa anasema, amepotea malisho ya juu, atakayemwona amfikishe msikitini, na Bibi Fiza akamwonea huruma huyo Hussaini asiyemjua wala hatamjua, mtu wa kijiji ambacho zamani ulikifikia kwa miguu ukiwa na mtoto mgongoni na mchana haujaisha, na sasa ni kama yuko mwezini, isipokuwa mwezi angalau unauona... akapasua nyingine, hii imeliwa na funza, hii ya mbuzi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi lakini hausogezi, kwa sababu redio ile ina tabia zake, waya wa eriali umefungwa kwenye ngazi ya kupandia paani, na ukikaa hapa juu inasema, ukijisogeza kidogo tu inakoroma kama mzee mwenye pumu, basi kila jioni ya msimu wa aprikoti yeye hukaa palepale, na mwanawe Haider humwambia punguza sauti Mama, askari wakipita barabarani watasema nyumba hii inasikiliza ng'ambo, naye humjibu, askari wenyewe wametoka nchi za joto huko kusini, lugha yetu hawaijui hata salamu, watajuaje kama mtu anatangaza vita au anatafuta maksai. Kule mtangazaji anasema sasa ni saa kumi na nusu, na saa ya ukutani kwa Marzia, mke wa Haider, inasema kumi na moja, jua ni hilohilo moja limekaa juu ya mlima uleule, ila serikali mbili zimelipasua, kila moja imechukua saa yake... na leo, mtangazaji akasema, tunaye studioni mjumbe wetu wa baraza, amekuja kutuambia habari ya barabara, na Bibi Fiza akaguna, maana hiyo barabara ya kuunganisha mabonde mawili imefunguliwa redioni mara nyingi kuliko alivyofungua yeye mlango wa zizi, kila uchaguzi inafunguliwa, uchaguzi ukipita theluji inaifunga, hata kama ni kiangazi.

Mjumbe ana sauti ya mtu aliyekula vizuri mchana, anasema tumefikia hatua nzuri, anasema mazungumzo ya ngazi ya juu, anasema familia zilizotenganishwa tangu mwaka wa vita zitakumbatiana, machozi ya kina mama yatafutwa, na mtangazaji, kijana mtundu yule, akamuuliza mheshimiwa, mwaka jana uliyafuta kwa leso gani, au ni ileile, wakacheka wote wawili, Bibi Fiza naye akatabasamu bila kupenda, halafu akapiga simu mzee mmoja, akasema yeye hana habari na machozi, anataka kujua gunia la unga limepanda bei kwa nini, na kama mheshimiwa nyumbani kwake wanakula mkate au wanakula ahadi, na mjumbe akasema swali zuri sana mzee wangu, na hakulijibu... mwaka wa vita, anasema, anautaja kama mtu anayetaja mwaka wa nzige, alikuwa hata hajazaliwa, ajue nini yeye, kwamba ulikuwa usiku wa baridi hasa, Haider ana siku chache tangu azaliwe, na milio ilisikika juu kwenye majabali, halafu kimya, na asubuhi wakaja askari wa sare nyingine wakasema msiogope, nanyi mmekuwa wetu, watu wamelala wa nchi moja wameamka wa nchi nyingine na hakuna aliyehama hata kitanda, na mstari wa mpaka umepita chini ya kijiji, pale mto unapokunja, sisi Garkhor tukabaki juu yake, na Pranung ikabaki chini, na Pranung ndiko alikokuwa... hapana, pasua aprikoti, Fiza, jua linakwenda.

"Tuna mpigaji mwingine. Nani mwenzetu?" "Naitwa Sughra, nipo Pranung." "Pranung kina Sughra wako wengi, dada. Sughra wa nyumba ipi?" "Nyumba ya Kinu cha Maji."

Na kidole gumba kikabaki ndani ya aprikoti. Nyumba ya kinu cha maji ni nyumba moja tu, ukishuka ngazi za mawe kushoto, ndiko alikoolewa dada yake Zohra, na Sughra wa nyumba hiyo ni mmoja tu, ana miaka minne, amevaa kofia ya sufu yenye hirizi, anakohoa, na dada yake Zohra amemshika mkono mlangoni anasema wewe lala na kichanga chako upate nguvu, huyu mkorofi nakaa naye mimi, Ijumaa namrudisha, na Fiza akiwa kitandani amefungwa tumbo anasema Ijumaa kweli, usinifanyie, na Zohra, ambaye Mungu hakumpa mtoto, anacheka, "Nikitaka nitamrudisha. Wewe umeshapata mwingine, huyu nipe mimi," na mtoto hata hakugeuka nyuma kwa sababu alikuwa ameahidiwa kokwa za jozi zenye asali, hakugeuka... na huyu anayeongea redioni ni mwanamke mzima, sauti nzito, imekwaruzwa na moshi wa jikoni, neno la mwisho analivuta kama alivyolivuta marehemu mama yao Fiza na Zohra akikasirika, ndiye, ndiye kabisa, miaka thelathini na kitu ya kuletewa habari na mahujaji waliokutana Karbala, wa huku na wa kule wakikaa sakafu moja, Sughra ameolewa, Sughra amejifungua, Sughra anakusalimu, habari za mtu mzima naye akazisikia zote kwa masikio ya mtu ambaye mwanawe ana miaka minne, na leo ndiyo sauti yenyewe, na hapa yeye hana la kufanya nayo, simu ya kibandani inafika Delhi, inafika mpaka Saudia, lakini ukitaka ifike pale mto unapokunja wanakwambia hairuhusiwi.

"Mheshimiwa," Sughra alikuwa anasema, "hayo machozi yetu hebu yaacheni. Kila uchaguzi mnayatoa nje mnayaanika, ukiisha mnayarudisha stoo." Mtangazaji akacheka, mjumbe akasema dada yangu nakuelewa sana, na Sughra akamwambia hajaelewa bado kwa sababu yeye hajauliza, swali lake ni zahanati, jengo la Pranung lina bati, lina rangi, lina ubao wenye jina la mheshimiwa, ndani hamna hata mtu wa kupima homa, "na mama yangu amekufa Alhamisi iliyopita, tumembeba juu ya kitanda, tumefika darajani mto umekula barabara, akafia pale kwenye mawe, watu wanaitafuta njia ya kupita."

Mama yangu. Bibi Fiza akajiangalia mikono, imejaa maji ya tunda, inanata, mimi sijafa, akawaza, wala sijabebwa kwenye mawe, na alikuwa karibu kumrekebisha, karibu aseme kwa sauti mwanangu unakosea, halafu ndipo maneno yakamfikia moja moja, mama, Pranung, nyumba ya kinu, kitanda... Zohra. Ni Zohra aliyekufa. Alhamisi. Alhamisi mimi nilikuwa wapi, Alhamisi tulitikisa mti mkubwa wa nyuma, Marzia akateleza akakalia kapu la aprikoti, nikacheka mpaka nikashika mbavu, jioni nikapika, nikala, nikashiba, dada yangu yuko juu ya mawe mimi nakula nashiba, moto jikoni haukuzimwa, hakuna jirani aliyeleta chakula, hakuna aliyekaa na mimi, ningejuaje, mto wenyewe unatoka kwetu unakwenda kwao, haurudishi kitu... na nani alimkosha, binti ndiye humkosha, basi Sughra alimkosha, mikono ileile midogo, hapana, si midogo tena.

"Pole sana, dada," mtangazaji alikuwa anasema, sauti imeteremka. "Na huko bonde la juu, una jamaa?" "Ninao." "Nani?" Redio ikapiga mluzi, na wakati huohuo ngazi ikalia, Marzia ameweka mguu, anapandisha chai ya chumvi, na waya ukatikisika na sauti ya Sughra ikaanza kuzama kama mtu anayeingia kwenye maji, na Bibi Fiza, ambaye hajawahi kumkemea mkwewe hata siku alipochoma nguo ya msiba, akasema, "Shuka," na Marzia akasema ni mimi Mama, nimeleta chai, "Shuka, Marzia. Usiiguse ngazi," na ngazi ikatulia, na sauti ikarudi ikiwa tayari imeshaanza kusema... "aliyenizaa. Kama yu hai." "Wanatusikiliza sana huko juu, dada. Mpe neno." "Sina neno la redioni," Sughra akasema. "Labda hili tu. Kama anasikia, dada yake amefariki, amsomee Fatiha. Basi. Mheshimiwa, nakusikiliza, habari ya zahanati."

Hilo tu? Miaka yote hiyo, usiku wote niliopanga maneno, sikukuacha mwanangu, nilikuwa na kichanga, nilishuka mpaka kwenye seng'enge tumbo likiwa bado limefungwa, askari akanirudisha, nilirudi tena, akanirudisha, nilisimama nikaita mpaka sauti ikakauka, maneno yote haya nimeyahifadhi na yeye anasema basi, anasema aliyenizaa kama mtu anayemtaja mwenye shamba la zamani... na mwizi ni yule, mwizi ni Zohra, alisema nipe huyu na Mungu akamsikia mara moja tu maishani mwake, siku hiyo, mara ngapi nimemwita hivyo peke yangu nikikanda unga, mwizi wewe, umelala na mwanangu kifuani, umemwona meno yakitoka mengine, umemfunga ushungi wa harusi, na mimi umenibakishia kofia, si kweli, hata kofia alikwenda nayo... lakini subiri, Fiza, subiri kidogo, sikiliza mtoto anavyosema. Nakusikiliza, mheshimiwa. Nani alimfundisha hivyo? Mimi mjumbe akipita hapa barabarani navuta ushungi mpaka puani, naitikia kila kitu, ndiyo bwana, ndiyo bwana, Haider nimemlea vivyo hivyo, punguza sauti Mama, askari watasikia, mtoto wa kuogopa mpaka redio, na huyu anamshika mkubwa shati mbele ya mabonde mawili na msiba haujatimiza hata wiki, hatetemeki, halii, na neno lake la kwangu amelificha ndani ya zahanati kama unavyomfichia mtoto siagi ndani ya mkate, akijua nipo, akijua nitalikuta... mimi sikumpa hiyo. Nilimpa kikohozi na kofia. Kichwa kile ni cha Zohra, Zohra aliyemrudishia mahari mchumba wa kwanza mbele ya wazee akisema mtu huyu anapiga punda, Zohra aliyebaki kule chini na mtoto wa mwenzake anayelia usiku, njaa ya msimu ule, mume anayekohoa, hana pa kumrudisha, alimwambia nini usiku wa kwanza, Ijumaa ilipofika ikapita alimwambia nini, na alikuwa anakaa hivi jioni anasikiliza, anasikia wa kwetu wakitajwa, na alipoona mambo yanaharibika pale kwenye mawe aliwaza nini, alimwambia Sughra mtafute mwenzangu mwambie... na mimi namwita mwizi.

Akafuta mikono kwenye gauni. Akaianza Fatiha kimoyomoyo, akaikosea, sura anayoisoma tangu hajaota meno ya pili, akaianza upya, midomo ikimcheza, na redioni mjumbe alikuwa amekohoa, anamshukuru dada kwa swali muhimu sana, anasema afya ni kipaumbele, anasema mikakati, na Marzia chini akaita kwa sauti ndogo, ya mtu aliyefukuzwa bila kujua kosa, "Mama, kuna nini?"

"Zima jiko," Bibi Fiza akasema. "Mwite Haider shambani, awaambie na majirani. Tuna msiba." "Wa nani, Mama?"

Akataka kusema dada yangu, neno lilikuwa tayari mdomoni, ni kweli na lingetosha, watu wangekuja, wangekaa, wangemwambia pole umefiwa na dada, akalizungusha, akaliacha.

"Mama yake Sughra amefariki," akasema.

Chini, Marzia tangu alipoingia nyumba hii akiwa bibi harusi amejua mama yake Sughra ni nani, amemwona akitazama kule mto unapokunja kila alipofua, sasa amesimama na birika mkononi hajui pole ampe nani, na Bibi Fiza hakumsaidia, hakuinua hata mguu uliokufa ganzi, aliinamia redio, na mjumbe alikuwa bado anazunguka, anasema bajeti, anasema awamu ya pili, anasema tatizo la Pranung tunalifahamu vizuri na si la leo, na Sughra wa nyumba ya kinu hasikiki, labda bado ameshikilia simu, labda wameshamkata, na Bibi Fiza akapasua aprikoti iliyokuwa imengoja mkononi muda wote huo, akamwambia yule mtu mle ndani, bila kupaza sauti wala kuipunguza, "Jibu, wewe. Umeulizwa."